Twita za Mkesha wa Idi

Gari liliingia uani mkesha wa Idi, Oktoba 2006, mwezi umeshaandama. Mwenyewe alitaka litoke alfajiri likiwa linadunda. Siku ya Idi viwanja vya Makadara, Mombasa, hufurika watoto na vijana, na matatu yenye ngoma ndiyo inayojaza kwanza.

Nilikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa fundi mmoja wa redio za magari huko Majengo. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, kwa hiyo nilimwita Ami. Alinifundisha kila kitu bila kunitoza hata shilingi. Alikuwa na adabu moja niliyoipenda sana: ukizungumza naye, aliacha alichokuwa akikifanya, akakukazia uso mpaka umalize.

Lilikuwa la abiria 14, lina mikanda na mstari wa manjano kama kanuni za 2004 zilivyotaka. Nyuma ya kiti cha mwisho tuliingiza sanduku la mbao lenye wufa mbili, yaani spika za besi, za inchi 12. Amplifaya tukaificha chini ya kiti cha dereva, na waya mnene ukatoka moja kwa moja kwenye betri. Kisha tukafunga twita nne, zile spika ndogo za sauti nyembamba, juu ya madirisha, usawa wa sikio la abiria aliyekaa.

Watu wakilalamikia ngoma za matatu, hulaumu besi. Naelewa, kwa sababu besi inakupiga kifuani, vioo vinatetema, hata mgonjwa aliyelala ghorofani anaijua. Twita haina kishindo. Ni ile sauti nyembamba ya matoazi, ya pumzi ya mwimbaji, ya "sss" na "shh", na huko ndiko sikio la binadamu lilikoumbwa kuwa jepesi zaidi. Besi haikunitia hofu usiku ule. Twita ndizo zilizoniumiza.

Saa nane usiku tukajifungia ndani kuipima sauti. Milango ilifungwa yote, kwani ngoma ya gari haipimwi mlango wazi. Ami alikaa mbele, mimi nyuma, sikio langu la kushoto likiwa shibiri moja tu kutoka kwenye twita. Hatukuweza kusikizana, tukawa tunapeana ishara. Akainua kidole: ongeza. Nikaongeza. Akatikisa kichwa, akageuka na kunipigia kelele usoni, "Hazilii!"

Zilikuwa zikinichoma kama sindano. Lakini huyu alikuwa fundi wa miaka mingi, na mimi nani? Nikajiambia sikio langu bado halijakomaa. Mwanafunzi hampingi fundi wake, sembuse ami yake. Nikaongeza mara ya pili, mara ya tatu, mpaka taa nyekundu ya amplifaya ikawa inawaka kwa kila mdundo. Hapo ndipo alipotabasamu. Tulikaa humo kwa muda wa karibu saa mbili, tukibadilisha wimbo baada ya wimbo.

Niliposhuka, dunia ilikuwa imezimwa. Paka wa pale uani alifungua mdomo akiniangalia, na sikusikia kitu. Kichwani mlikuwa na mlio mmoja, mwembamba, kama nyenje aliyefungiwa ndani ya kopo.

Nilitembea hadi nyumbani Bondeni. Wanaume wenye kanzu mpya walikuwa wakitoka msikitini, midomo yao ikienda pamoja. Takbira yenyewe niliisikia kama inatoka ndani ya mtungi, mvumo mtupu usio na maneno. Nilisimama barabarani nikatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji ya bahari. Hayakutoka.

Nyanya alikuwa jikoni na mahamri yake. Aliniita mara tatu, kama alivyoniambia baadaye, na mara zote tatu sikuitika "naam". Akaja mwenyewe na sahani mkononi.

"Shika," akasema.

Mimi nikasikia "fika". Badala ya kunyoosha mikono nikasogea mbele, sahani ikaanguka kati yetu, mahamri yakatawanyika sakafuni. Nyanya hakugomba. Alinivuta karibu akaninusa mdomo. Asubuhi ya Idi, baada ya mwezi mzima wa kufunga, nyanya yangu alininusa mdomo.

Baada ya siku mbili sauti zilirudi, mlio haukuondoka. Hata leo, nyumba ikinyamaza usiku, upo. Na "shika", "fika" na "pika" bado hunichanganya nisipomwona anayesema.

Ilinichukua miezi kadhaa kwenda kupimwa. Wakaniweka katika kichumba kisichoingia kelele, nikavaa visikizio, nikawa nabonyeza kitufe kila nikisikia mlio. Mstari kwenye karatasi ulikwenda sawa vizuri, kisha ulipofika hezi 4000, kwenye sauti nyembamba, ukatumbukia kama kisima. Daktari alinieleza kwamba ndani ya sikio mna kijia kilichojikunja kama konokono, chenye chembe zenye vinywele, karibu 15,000, na zikishakufa kwa binadamu hazioti tena. Akaandika pembeni muda ambao sikio linahimili: sauti ya desibeli 85, kwa saa 8. Kila ukiongeza 3, muda unagawanyika nusu. Ukifika 100, dakika 15.

"Mlikuwa mkisikizana humo ndani?"

Nikamwambia tulitumia mikono. Akaniambia kwamba ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye umbali wa mkono tu, hapo tayari sikio linaumia. Kisha akauliza nani alikuwa akisema sauti iongezwe.

Nilikwenda na ile karatasi moja kwa moja hadi Majengo. Ami alikuwa ameinama chini ya dashibodi ya gari jingine, kanipa mgongo. Nikamwamkia. Nikamwamkia tena. Nikamwambia, "Ami, nimetoka kwa daktari," naye akaendelea kukata waya. Nikamgusa bega. Akatoka, akafuta mikono, akanikazia uso kwa ile adabu yake, akingoja niseme. Nikayafuata macho yake. Hayakuwa yakiniangalia machoni. Yalikuwa mdomoni mwangu.