Tundu Nililodhani Ni Kasoro

Jumamosi, saa tisa kasoro robo usiku

Nimekaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, viatu vya mpira miguuni, tochi magotini. Sakafu ya chumba cha chini ya ardhi imefunikwa na maji ya kulowesha vidole. Pampu iliyomo kwenye shimo la pembeni, ambayo haina kazi nyingine duniani ila kuyatoa maji haya, inaguna. Inaguna sekunde kadhaa, inanyamaza, na baada ya dakika chache inaguna tena. Maji hayaendi popote.

Tumeamshwa na ukimya. Kwa miezi mingi pampu hii imekuwa ikiwaka na kuzima usiku kucha, nasi tumekuwa tukilala juu ya kelele zake kama mtu alalavyo jirani na mashine ya kusaga. Usiku huu mke wangu kanitikisa bega: "Mbona kimya?" Nikajua kabla sijashuka.

Nimechomoa plagi. Soketi iko juu ukutani, maji hayajaikaribia, la sivyo nisingetia mguu humu. Sasa nateka kwa ndoo na kupanda nayo ngazi, na kila safari nakumbuka jambo moja nililolisikia nikalipuuza.

Jumapili asubuhi

Kwa asiyewahi kuishi juu ya chumba cha namna hii, mpango wenyewe ni huu. Mvua ikinyesha, maji yaliyonywewa na udongo husukuma kuta na sakafu yakitafuta penye upenyo. Badala ya kushindana nayo, nyumba huyapa njia: mabomba yenye matundu huzunguka msingi na kuyaleta kwenye shimo moja. Shimoni hukaa pampu yenye boya. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kuwasha swichi. Yakishuka, boya huzima. Pampu huyapandisha kwenye bomba hadi nje, mbali na ukuta. Katikati ya bomba kuna valvu ya njia moja, yenye kibao cha mpira ndani: maji yakipanda hufunguka, pampu ikizima hujifunga ili maji yaliyobaki kwenye bomba yasirudi shimoni.

Sasa madhambi yangu. Kila pampu ilipozima nilikuwa nasikia maji yakiporomoka bombani, sauti kama ya mtu anayesukutua mdomo. Nilidhani ndivyo ilivyo. Halafu ikaanza kuwaka mara nyingi zaidi, hata siku za ukavu. Nikasema maji ya ardhini yamepanda mwaka huu. Halafu shimo likaota utando wa rangi ya machungwa, mtelezi, unaonuka kama chuma. Nikalifunika vizuri zaidi nisiuone. Mwezi uliopita ikaongezeka sauti ya mkwaruzo, kama kijiko kwenye sufuria. Hiyo sikuitafutia hata kisingizio.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilimpigia mjomba. Amefanya kazi ya mabomba tangu ujana wake na hana subira na watu wanaoanza na historia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nyumba inaungua au inazama?"

"Inazama. Pampu haitoi maji."

"Inaguna au inazunguka?"

"Kuna tofauti?"

"Tofauti ipo, mjomba, na ndiyo yenye pesa. Ikiguna, umeme umefika ila feni ya ndani imekwama. Mota inapata joto, kinga yake inaikatia umeme, ikipoa inajaribu tena. Ikizunguka vizuri na maji hayatoki, pampu ni nzima. Tatizo liko njiani. Usije ukanunua pampu kwa ajili ya tatizo la njiani."

Yangu ilikuwa ya kwanza. Au ndivyo nilivyoamini, kwamba ni moja tu.

Nililegeza klampu mbili zinazoshika mpira unaounga bomba, nikajikunyata nikingoja kulowa, maana juu ya valvu huwa kuna safu nzima ya maji iliyosimama. Halikutoka hata tone la maana. Nilifurahi kubaki mkavu. Ilinichukua nusu saa kujiuliza yale maji yameenda wapi.

Pampu nikaitoa kwa mkono wake wa kubebea; mjomba alishaonya kwamba kuivuta kwa waya ni kuiua. Nikaigeuza chini juu, nikafungua skrubu nne. Kati ya pezi la feni na ganda lake kulikuwa na kokoto isiyozidi punje ya mahindi, na uzi wa nailoni umejisokota kwenye shina. Basi. Kitu hicho ndicho kilichonibebesha ndoo usiku kucha. Nilikitoa kwa bisibisi na koleo, nikaizungusha feni kwa kidole, ikaenda bila kusita.

Ule utando nao nikauelewa kwa kuugusa. Ni kazi ya bakteria wanaojipatia riziki kwenye madini ya chuma yaliyomo majini. Si maji taka, kama mke wangu alivyohofia, ila wakiachwa huziba chujio la pampu na kufanya boya liwe zito. Brashi, siki, maji safi, na mikono inayonuka hadi sasa. Chini ya shimo kulikuwa na tope la kutosha kujaza sufuria mbili, na pampu ilikuwa imekalia tope hilohilo. Nimeiinua juu ya tofali bapa.

Nikairudisha, nikachomeka. Iliyavuta maji yote kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuyateka ndoo tatu. Nilibaki nimesimama nikiitazama kama mtoto.

Jumapili usiku

Lakini bado inawaka mno. Kwa hiyo nimekaa na chaki, futi na saa, na haya ndiyo niliyoyapata.

Shimo letu ni la duara, kipenyo sentimita 45. Kwa hesabu ya kawaida ya duara, kila sentimita moja ya kina ni lita moja na nusu na ushei. Nikaweka alama maji yalipofika pampu ilipowaka, na alama nyingine ilipozima. Kati ya alama hizo mbili: sentimita 6. Ni kidogo mno, kama lita 9 na nusu kwa mkupuo. Sababu ikawa mbele ya macho yangu: waya wa boya umejiviringisha kwenye waya wa pampu, kwa hiyo boya halina nafasi ya kupanda wala kushuka vya kutosha. Limekuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Kilichonikera zaidi ni alama ya tatu. Sekunde chache baada ya pampu kuzima, maji yanapanda tena sentimita 2 na nusu. Yanapanda haraka, wala hayatoki ardhini. Hizo ni karibu lita 4. Nikapima bomba linalopanda: mita 3, upana wa ndani sentimita 4. Hesabu inatoa lita 3.8. Ndiyo ile sauti ya kusukutua. Valvu haifungi, na bomba lote linajimwaga.

Yaani katika kila lita 9 na nusu zilizopandishwa, karibu 4 zilirudi palepale. Pampu yangu imetumia miezi ikibeba maji yaleyale, ikiyashusha, ikiyabeba tena. Mota kama hizi huchoshwa zaidi na kuwaka na kuzima kuliko kuzunguka mfululizo, maana kila kuwaka ni kishindo cha umeme. Nami nilikuwa nailaumu mvua.

Waya wa boya nimeutenganisha na kuufunga mbali. Valvu ni ya kesho.

Jumatatu

Nilinunua valvu mpya pamoja na kipande kipya cha bomba la plastiki, kwa sababu kile cha zamani, kati ya pampu na valvu, kilikuwa na tundu. Nimeliona tundu hilo tangu tuhamie hapa. Pampu ikiwaka hutoa mchirizi mwembamba wa maji unaorushwa shimoni. Mara mbili nimewahi kulizungushia utepe, na mara mbili utepe ukabanduka. Leo nilikikata kipande chote kwa furaha ya mtu anayelipa deni la muda mrefu.

Valvu ya zamani nilipoifungua, kibao chake cha mpira kilikuwa kimechanika nusu, kinaning'inia. Ile mpya ina mshale ubavuni unaoonyesha maji yanakoelekea. Mshale nimeutazama mara tatu. Nyingi hufungwa kinyume na watu wenye haraka, nami nilikuwa na haraka.

Nikakaza klampu, nikasubiri maji yapande. Boya likapanda. Pampu ikawaka.

Ikazunguka vizuri, kwa sauti laini kabisa. Maji hayakutoka.

Nilitukana, na sitaandika nilichosema. Nikachomoa. Plagi ya boya na plagi ya pampu zimepandana, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo nikaliruka boya na kuchomeka pampu moja kwa moja ukutani. Ikazunguka. Hakuna kitu. Basi swichi si mkosaji. Nikachomoa tena kabla haijapata joto, nikatoka nje na tochi kutazama mdomo wa bomba: wazi, mkavu. Saa nne usiku, shimo linajaa, ndoo ziko mlangoni.

Mjomba alipokea akiwa anatafuna.

"Safari hii inazunguka," nikasema, nikijaribu kuonyesha kwamba nimejifunza.

"Umegusa nini leo?"

"Valvu mpya. Na kipande cha bomba, kile cha chini kilikuwa na tundu."

Akanyamaza kidogo. "Tundu la upana gani?"

"Dogo. Msumari."

"Linarusha maji kuelekea shimoni?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akapaliwa. Nilisikia mtu akimpigapiga mgongoni.

Kumbe tundu lile lilitobolewa makusudi. Nilipoirudisha pampu, hewa ilinaswa ndani yake na kwenye kipande cha bomba kilicho chini ya valvu. Juu ya valvu, yale maji kidogo yaliyobaki bombani yanakikandamiza kibao kijifunge, sawasawa na kazi yake. Sasa feni ya pampu imeumbwa kusukuma maji. Ikizunguka ndani ya hewa haipati nguvu ya kukiinua kibao. Hewa haiwezi kupanda, maji hayawezi kuingia, mota inazunguka bure. Tundu dogo chini ya valvu huipa hewa pa kutokea. Ule mchirizi niliouzungushia utepe mara mbili ndio bei ya jambo hilo, na maji yake hurudi shimoni tu.

Na hapo ndipo lilipo jambo linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja: valvu iliyoharibika isingenifanyia hivi. Kibao kilichochanika kilikuwa kikiachia hewa ipite chenyewe. Kosa langu lilihitaji valvu nzima ili lionekane.

Umeme ukiwa umechomolewa, nilitoboa kwa drili ya milimita 3, juu kidogo ya pampu na chini ya valvu, nikiulaza mkono ili maji yarushwe kuelekea chini. Ncha ilipopenya, hewa ilitoka, fyuu, fupi, kama pumzi ya mtu aliyekuwa amejizuia. Nikachomeka. Pampu ikanguruma, mchirizi ukaruka, bomba likatetemeka mara moja, na nje nikasikia maji yakipiga mawe.

Jumatano

Mvua imenyesha tangu mchana. Alama za chaki zinasema pampu sasa inateka sentimita 17 kwa mkupuo, lita 27 hivi, na ikizima maji hayapandi tena ila kwa mwendo wa ardhi. Hugonga mara moja, valvu inapojifunga, halafu kimya. Jana, wakati mbaya zaidi, ilipumzika dakika 11 kati ya mkupuo na mkupuo. Zamani haikufika 3.

Kibandiko chake kinaonyesha imetimiza miaka 8, na mafundi wengi huzipa pampu hizi miaka 7 hadi 10. Mjomba amesema ninunue nyingine niiweke kwenye rafu, nikae pia na kengele ndogo ya betri inayolia maji yakigusa sakafu. Kengele nimeshanunua. Pampu itangoja mwisho wa mwezi. Kila baada ya miezi mitatu nitamimina ndoo ya maji shimoni na kusimama hapo nikisikiliza. Tarehe nimeiandika ukutani kwa chaki, karibu na alama.

Kile kipande cha bomba la zamani sijakitupa. Mke wangu amekikuta juu ya rafu, kina mabaki ya utepe wangu pembeni ya tundu, akaniuliza nakihifadhi cha nini. Nikamwambia mjomba ameomba kukiona.