Ivunje RAID Yako Kabla Hujaitegemea

RAID mpya, yaani diski kadhaa zilizounganishwa ili moja ikifa data ibaki, isiwekwe hata faili moja la maana kabla hujaiondolea diski moja makusudi. Wengi huunganisha diski, huona kila kitu kinawaka, wakaishia hapo. Diski inapokufa kweli ndipo wanaanza kutafuta amri huku bosi amesimama nyuma yao, na katika haraka hiyo wanachomoa ile iliyo hai.

Mfano wetu ni seva ya ofisi ndogo: Debian, diski mbili za terabaiti 4, RAID 1. Kinachoandikwa kwenye diski moja kinaandikwa na kwenye pacha wake, kwa hiyo nafasi unayopata ni terabaiti 4, si 8. RAID 5 ya diski tatu inatamanisha, lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, data na pariti (hesabu ya ziada inayotumika kurudisha data ya diski iliyokufa) zinaweza kuachana. Ukiwa na diski nne, mimi ningeenda RAID 10, yaani jozi mbili za mapacha zikigawana data.

Dukani, epuka diski mbili zilizotoka kiwandani pamoja, maana huweza kufa pamoja. Epuka pia diski za SMR. Hizo hupanga njia za data zikipandiana kama vigae vya paa, hivyo kubadilisha kipande kimoja kunalazimu kuandika upya na majirani zake, na zoezi la kujaza diski mpya linaweza kukwama. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa kwa kazi hii hii, zilikuwa SMR. Soma karatasi ya vipimo ya modeli husika; unachotaka ni CMR, ambazo njia zake hazipandiani.

Andika namba tambulishi ya kila diski kwenye kibandiko na uibandike mahali panapoonekana. Utazipata kwa `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL`. Jina sdb la leo linaweza kuwa sdc baada ya kuwasha mashine upya.

Kata patisheni moja kwenye kila diski, ukiacha megabaiti 100 hivi tupu mwishoni. Diski ya badala ikija pungufu kidogo bila nafasi hiyo, mdadm, programu ya Linux inayosimamia RAID, itaikataa. Kisha:

`mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb1 /dev/sdc1`
`mkfs.ext4 /dev/md0`
`mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf`
`update-initramfs -u`

Mistari miwili ya mwisho ndiyo husahaulika, halafu mashine ikiwashwa upya md0 inageuka md127 na mtu anadhani data imepotea. Kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, tumia UUID (kitambulisho kisichobadilika) badala ya jina, pamoja na `nofail`, ili mashine iwake hata RAID ikikosekana.

Tazama hali ya RAID kwa `cat /proc/mdstat`. [UU] ni salama. [U_] maana yake diski moja haipo. Kwa megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 4 huchukua takribani saa saba na nusu kulinganishwa. Ikimaliza, fanya mtihani:

`mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc1`
`mdadm /dev/md0 --remove /dev/sdc1`
`mdadm --zero-superblock /dev/sdc1`
`mdadm /dev/md0 --add /dev/sdc1`

Ule mstari wa tatu unaifanya diski ionekane ngeni, ili ushuhudie ujazaji mzima. Diski ikiwa mpya kweli, nakili kwanza patisheni: `sgdisk -R /dev/sdc /dev/sdb`, halafu `sgdisk -G /dev/sdc`. Angalia mpangilio: inayoandikwa ndiyo inayotangulia. Ukigeuza, umefuta patisheni za diski pekee iliyobaki hai. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu RAID hufuta faili kwenye diski zote kwa utiifu uleule unapokosea `rm`, nakala ya pili ikae kwenye mashine nyingine.

Kuna kosa moja linalowachanganya hata wazoefu. Diski ya kawaida ya mezani ikikuta sekta mbovu inaweza kuhangaika nayo zaidi ya dakika mbili, wakati keneli (kiini cha mfumo) ya Linux husubiri sekunde 30 tu. Diski inatupwa nje kwa sababu ya sekta moja. Iwekee kikomo cha sekunde 7: `smartctl -l scterc,70,70 /dev/sdb`. Ikikataa, ongeza subira ya keneli: `echo 180 > /sys/block/sdb/device/timeout`. Yote mawili hupotea mashine ikizimwa, kwa hiyo yaweke kwenye skripti ya kuwashia.

Katika `smartctl -A`, inayoonyesha afya ya diski, namba 5 (sekta zilizobadilishwa) au 197 (sekta zenye mashaka) ikipanda, agiza diski nyingine. Ikipanda 199 (makosa ya kusafirisha data) peke yake, badilisha kwanza kebo ya SATA. Watu wametupa diski nzima kwa kosa la kebo.

Mwisho, jaza MAILADDR (anwani ya kupokea maonyo) kwenye mdadm.conf, uendeshe `mdadm --monitor --scan --oneshot --test`. Barua pepe isipofika, seva haina njia ya kutuma barua, na [U_] inaweza kukaa miezi bila mtu kujua.