Pombe ya moshi, wala si Moshi ya Kilimanjaro

Nilipomwambia mama kwenye simu kwamba Jumapili naenda kuangalia pombe inayopikwa kwa moshi, aliuliza kama nimerudi nyumbani kimyakimya. Kwetu ni Marangu. Mbege yetu ni ya ndizi na ulezi, na Moshi ni mji. Ikabidi nimweleze kwamba niko palepale Gent, Ubelgiji, na moshi wenyewe ni wa kiwanda cha chuma.

Tuliondoka saa tatu asubuhi kwa baiskeli, mimi na dada mmoja wa Morogoro anayesomea mikrobiolojia huku. Njia inafuata mfereji unaokwenda Terneuzen, Uholanzi. Upepo ulitupiga usoni na miguu yangu ikaanza kulalamika mapema. Terdonk tukapanda kivuko. Kwa mazoea ya Kigamboni nikajipapasa mfukoni kutafuta chenji, dada akacheka: "Kaka, hapa ni bure."

Kiwanda ni cha ArcelorMittal, ila wenyeji bado wanakiita Sidmar, jina lake la zamani. Kibali cha kuingia hatukuwa nacho, tukasimama nje tukifungua chapati zetu zilizokwisha kupoa.

Kilichotuleta ni mtambo wa Steelanol, uliozinduliwa Desemba 2022 kwa gharama ya euro milioni 200 hivi. Tanuru la chuma hutoa gesi yenye kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Kawaida gesi hiyo huchomwa kuzalisha umeme, ikaishia angani ikiwa kaboni dioksaidi. Sasa sehemu yake husafishwa na kupulizwa kwenye matangi ya maji anamoishi bakteria aitwaye Clostridium autoethanogenum. Anaila, anatoa ethanoli, yaani kile kilevi kilichomo kwenye pombe, ambacho pia huweza kuwa mafuta ya gari. Teknolojia ni ya LanzaTech, kampuni iliyoanzia New Zealand mwaka 2005.

"Hamira inakula sukari," dada alisema, "huyu anakula sumu. Na oksijeni tunayoivuta sisi ndiyo inayomuua yeye."

Mtambo ulijengwa kutoa lita milioni 80 kwa mwaka. Nilijaribu kuzipigia hesabu kwa kata za mbege nikaacha. Wenye mtambo wanasema utapunguza tani 125,000 za kaboni dioksaidi kila mwaka, lakini mgema akisifiwa, mnajua. Kiwanda hichohicho kinatoa mamilioni ya tani, na ethanoli ikichomwa kwenye gari kaboni yake inarudi angani.

Dada hakunibishia. Alisema ethanoli bakteria huyu anaitengeneza kwa maumbile yake. Utamu uko kwenye kumbadilisha jeni. LanzaTech na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipekua jeni za bakteria wa viwandani wa aina 272. Ni ukoo uleule uliolishwa nafaka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili utoe asetoni ya kutengenezea baruti, kabla mafuta ya petroli hayajaunyang'anya kazi. Wakachagua jeni zinazofaa, wakampandikizia huyu mla gesi. Matokeo yalichapishwa 2022: anatoa asetoni, hiyohiyo ya kufutia rangi ya kucha, na kwa hesabu zao kila kilo inafunga kaboni nyingi kuliko inayotoka wakati wa kuitengeneza. Hapo nilinyamaza. Kisha akaniambia tangi la majaribio lilikuwa la lita 120. Pipa la mafuta linalishinda!

"Sasa mdudu huyu walimtoa wapi?" nikauliza tukisubiri kivuko cha kurudi.

"Kwenye mavi ya sungura. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Louvain, hapahapa Ubelgiji. Walimtangaza mwaka 1994."

Nilidhani ananitania. Kwenye majani kando ya mfereji palikuwa na vidonge vyeusi vimetapakaa, nikainama kuvitazama.

"Kaka, acha hivyo. Chapati umekula kwa mkono huohuo, na mvua inakuja."