Karatasi ya Gavana

Nilijiandikisha kupiga kura Januari 2022, hapa hapa Mvita, jimbo letu la Mombasa, kwenye ile awamu ya pili ya usajili wa halaiki. Kazi yenyewe haikuwa kubwa: kitambulisho, alama za vidole, picha, basi. Karani akanipa kikaratasi cha kuonyesha nimesajiliwa, nikakiweka pamoja na cheti changu cha kuzaliwa.

Miezi ile barazani, kwenye matatu, hata harusini, watu walizungumza urais tu. Mimi niliyekuwa namngojea ni gavana. Mamangu anauza mboga sokoni. Ushuru anaotozwa kila siku, taka zinazooza nyuma ya meza yake, zahanati anayokwenda kupima presha, chekechea ya wajukuu wake, vyote viko mikononi mwa kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Uamuzi wa Nairobi hutufikia umeshachoka njiani. Wa kaunti tunaamka nao.

Basi siku moja kabla ya uchaguzi tukasikia kura ya ugavana Mombasa na Kakamega imeahirishwa, kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa kwenye maelezo ya wagombea. Niliumia, sitaficha.

Tarehe 9 Agosti tulifika kituoni mimi na mama kabla ya saa kumi na mbili. Nilipoweka kidole, picha yangu ikatokea kwenye mashine, na karani akasoma jina langu kwa sauti ili mawakala wa wagombea wasikie. Nikapewa karatasi tano badala ya sita. Mzee mmoja mbele yangu alizihesabu, akazihesabu tena, akauliza, "Na ya gavana iko wapi, mwanangu?" Karani akamweleza kwa upole. Mzee akasema, "Haya, tutarudi," akaenda zake kibandani.

Wengi hawakurudi. Tarehe 29 Agosti, siku ya ile kura ya gavana iliyoahirishwa, foleni ilikuwa fupi mno. Rafiki zangu wengine walikuwa kazini, wengine wamerudi vyuoni, na wengine waliniambia waziwazi kwamba rais ameshatangazwa, kesi iko Mahakama ya Juu, sasa hii nyingine ya nini? Hilo ndilo lililonikera kuliko kuahirishwa kwenyewe. Mtu anakesha akibishana kuhusu Ikulu, halafu anayeamua kama zahanati ya mtaa wake itakuwa na dawa anamwachia jirani amchagulie! Yule mzee nilimwona, amevaa kanzu safi, anatoka nami naingia. Nilikuwa na karatasi moja tu mkononi, nikaisoma yote, kila picha na kila alama ya chama, kisha nikatia tiki yangu.

Matokeo ya kituo hubandikwa mlangoni baada ya kuhesabu. Nilirudi kuyasoma: kila mgombea na kura zake, zilizokataliwa, saini za mawakala chini. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, na siku ile waliokuja walikuwa wachache zaidi. Anayesema kura moja haina uzito hajasimama mbele ya karatasi kama ile.

Mdogo wangu sasa ana kitambulisho, na uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Anataka kujiandikisha huko anakosoma pamoja na wenzake. Nimemsihi ajiandikishe Mvita, maana mtu hupigia kura pale alipojisajili tu, na Agosti ile huenda ameshamaliza chuo, yuko nyumbani.