Kama unaacha dawa ya kunyoosha nywele huku Texas, tafuta msusi kwanza, mafuta baadaye

Jumamosi binti wa dada yangu, aliyekuja kusoma hapa Arlington, kaniletea risiti ya saluni nikaisoma mara mbili. Twisti dola 180. Kuosha dola 45. Halafu chini kabisa dola 60, pameandikwa "nywele nzito". Yaani mtoto katozwa faini kwa nywele alizozaliwa nazo! Hapo dipoziti ya dola 50 alishaitoa kabla hata hajakaa kwenye kiti, ikapotea kwa sababu alichelewa, na juu yake tipu, maana huku usipoacha kama asilimia 20 unaangaliwa vibaya. Watu wa Sinza na Kinondoni pigeni hesabu wenyewe.

Lakini hela siyo iliyoniuma zaidi. Aliyemsuka ni dada wa kwetu kabisa, wanaongea Kiswahili wote, na akamwambia hivi, "binti mzuri kama wewe unahangaika na kipilipili cha nini, ngoja nikuwekee dawa kidogo tu hapa pembeni zilale". Binti ameacha dawa tangu mwaka jana, nywele ziko katikati, juu asili chini dawa, na hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote kwa anayeacha, asubuhi ukijiangalia kwenye kioo hujui ushike wapi. Mtu wa kwanza anayempa kichwa chake katika nchi ya ugeni anamwambia arudi alikotoka. Kaja kwangu macho mekundu ananiuliza, mama mdogo, kwani ni mbaya kiasi hicho?

Nimekasirika na bado nimekasirika, ndiyo maana naandika.

Sisi tuliokulia kwetu tunajua ilivyo. Shule unanyolewa tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne, nywele zikifika urefu wa kucha mwalimu wa zamu yupo na mkasi. Ukimaliza tu shule, wiki hiyo hiyo unapelekwa saluni kuwekwa dawa ili uonekane msichana mkubwa. Kwa hiyo mwanamke anafika miaka thelathini hajawahi kuishi na nywele zake hata msimu mmoja. Halafu akisema anaacha dawa tunamshangaa, tunamuuliza kama ana msiba. Mimi kwenye kitchen party moja hapa Dallas shangazi mmoja kanivuta pembeni ananiuliza kwa huruma kabisa, mwanangu, boksi limekuwa zito? Eti kwa sababu nimekuja na nywele zangu nimezisuka mistari nikaweka na ushanga.

Mimi niliacha kwa sababu utosini palianza kupungua, ukipitisha kidole unahisi ngozi tupu. Na mwaka 2022, mwezi wa kumi, taasisi ya afya ya taifa huku Marekani ikatoa utafiti wa wanawake zaidi ya 33,000, wakakuta wanaotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara wanapata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia. Waliweka makadirio mpaka umri wa miaka 70, asiyetumia ni asilimia 1.64, anayetumia mara kwa mara ni 4.05. Siyo kwamba kila anayeweka dawa ataumwa, na wenyewe hawakusema dawa ndiyo imethibitishwa kuwa sababu, lakini mimi niliposoma nikaangalia lile kopo bafuni nikalitupa.

Kutupa kopo ni dakika moja. Kazi inaanza baada ya hapo, na mimi kazi ilikuwa kupata mikono. Nilipiga simu saluni hizi mpaka nikachoka. Wapo wanaokwambia mapema, nywele aina ya 4C, yaani kipilipili kilichojikunja sana, hatufanyi, sawa, angalau ni wakweli. Wapo wanaosema njoo umeshaosha, umeshazichana na umeshapiga draya zimenyooka, yaani ile kazi yote inayonishinda niifanye mwenyewe halafu wewe nikulipe dola mia mbili. Saluni moja ya kwenye mall dada wa Kizungu alinishika kichwa kama anashika sahani ya moto, hakuwa na roho mbaya masikini, hakufundishwa tu. Anasoma chuo cha urembo, anafanya mazoezi kwenye midoli yenye nywele za kuteleza, anapewa leseni. New York imebidi watunge sheria mwaka 2023 kwamba vyuo vifundishe nywele za aina zote, ikiwemo hizi zetu. Kwa sheria! Wakati bibi zetu walikuwa wanasuka chini ya mwembe.

Msusi aliyenisaidia mwishowe, mama mmoja Mmarekani mweusi, sikumpata mtandaoni, nilimpata kazini. Nafanya kazi nyumba ya wazee, na kuna bibi mmoja mweusi, Mmarekani, amepoteza kumbukumbu, sisi akituona tu na kitana anapiga kelele ukumbi mzima. Siku hiyo nimeingia kubadilisha mashuka nakuta mama wa makamo anamtengeneza nywele na bibi amelala fofofo kwenye kiti. Nikasimama na mashuka mkononi. Kazigawa nywele mafungu manne kwa vibanio, ananyunyiza maji na chupa, anapaka kondishena, halafu anafungua kwa vidole kwanza, kuanzia ncha, akikutana na fundo anashika unywele juu ya fundo ili kichwa kisivutwe, ndiyo anapitisha chanuo lenye meno mapana. Anapanda juu kidogo kidogo mpaka kwenye ngozi. Sisi wote tulilelewa kuchanwa kuanzia kwenye ngozi kushuka, unalia na unapigwa kofi la bega kwamba tulia. Nilimsubiri nje nikamuomba namba.

Siku ya kwanza kwake hakunigusa na kitana kabisa. Aliniuliza nimeacha dawa lini, ninalala na nini kichwani, nywele zinakatikia wapi, shifti zangu zikoje. Halafu akachukua unywele mmoja uliodondoka begani kwangu akaunyoosha mbele ya dirisha. Juu umejikunja kama springi ya kalamu, chini umelala mfu. Akavuta taratibu, ukakatika pale pale vinapokutana. Akaniambia hapo ndipo adui yako, dawa imeshavunja vifungo vya ndani ya unywele na havirudi kwa mafuta yoyote wala kwa bei yoyote, ukichana kwa nguvu panakatika, ukibana kwa nguvu panakatika, ukiuacha mkavu panakatika wenyewe. Nywele zinakua kama nusu inchi kwa mwezi, kwa hiyo ama unakata zote leo, ama tunapunguza kidogo kila ukija na unavumilia zaidi ya mwaka. Kichwa chako, chagua wewe, mimi nitakuwa na wewe kote kote.

Jamani, nitakuwa na wewe. Nimekaa nchi hii miaka, nimetibiwa, nimesoma, nimepanga nyumba, mtu wa kunihudumia akaniambia maneno hayo ndiyo mara ya kwanza.

Nilichagua kidogo kidogo. Siku nyingine nilifika nimekata tamaa nataka wiving tu nifiche, nina harusi Houston, akakataa. Alinionyesha kwa kioo kingo za paji la uso jinsi vinywele vilivyokuwa vimeanza kuota, akasema nikibana wiving leo hivi vinang'oka, nisuke twisti nene bila kuvuta nikuwekee na maua. Hela ya wiving ni kubwa kuliko ya twisti, aliiacha. Nilienda harusini na maua yangu na picha zipo.

Na tulipofika kwenye uzi ndipo tulipokuwa ndugu. Nilimsimulia bibi yangu wa Korogwe alivyokuwa anatufunga nywele kwa uzi mweusi, anazungusha kuanzia kwenye ngozi mpaka ncha, zinasimama kichwani kama miiba, ukifungua baada ya siku kadhaa zimenyooka ndefu bila moto. Yule mama msusi akaacha kitana, akasema bibi yake huko Louisiana alikuwa anawafunga hivyo hivyo kwa uzi kuanzia Jumatatu, Jumapili ya kanisa ndiyo wanafunguliwa. Watu waliobebwa kwa meli mamia ya miaka iliyopita, wamenyang'anywa lugha na majina, uzi haukuwatoka mikononi! Sasa hivi ananifunga uzi badala ya draya na mimi nimemfundisha twende kilioni, anaisuka wateja wake wanaiulizia.

Yeye ndiye aliyenisimulia pia habari za Isis Brantley, msusi wa hapa hapa Dallas, aliyemsuka mwanamuziki Erykah Badu. Mwaka 1997 alikamatwa na polisi saluni kwake kwa kusuka bila leseni ya urembo, leseni ambayo vyuo vyake havikuwa vinafundisha kusuka. Alipigana na Texas miaka na miaka, Januari 2015 jaji wa shirikisho akasema masharti waliyoiwekea shule yake ya ususi hayana maana, na mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, kusuka Texas hakuhitaji leseni tena. Nawaambia hili wale mnaokuja na mikono ya kusuka, riziki ipo na ni halali, ila mkasi na dawa bado ni vya mwenye leseni, msidanganywe mkaanza kuweka watu dawa sebuleni.

Na wenye watoto mjue kwamba tangu Septemba 1, 2023 Texas ina sheria inayokataza shule na mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya rasta, twisti au dredi. Msijilegeze lakini. Kijana Darryl George wa Mont Belvieu karibu na Houston alitolewa darasani miezi kwa dredi zake, na Februari 2024 jaji akasema shule haikuvunja sheria kwa sababu ilichokataza ni urefu. Someni kanuni ya shule kabla ya kumpeleka mtoto.

Kwa dada zangu mnaojiandaa kuja, mimi naona hivi. Suka kwenu wiki ya safari, suka vizuri na isikubane, ikupe muda wa kuuliza ukifika. Usichukue apointimenti kwa picha nzuri tu. Piga simu uliza, nywele zangu ni za asili juu na zina dawa chini, umeshafanya kichwa cha hivi? Unachana kuanzia wapi? Kuna ada yoyote zaidi ya iliyoandikwa? Akijibu kwa kukereka, dipoziti usilipe. Angalia wazee wa kanisani au kazini wenye nywele nzima, waulize wao wanaenda wapi. Na mtu akikutajia dawa wakati umemwambia umeacha, inuka hata kama kichwa kiko nusu, funga kitambaa utoke.

Na ninyi wasusi wa kwetu mlioko huku, nawaomba kwa upendo. Msichana akikaa kwenye kiti chako amekufuata kwa sababu mnafanana. Mtoze bei ya kazi, nyie pia mnalipa kodi ya fremu, lakini msimtoze kwa kuzaliwa.

Nina ombi lingine. Anayekuja Dallas kabla ya Krismasi naomba aniletee uzi mweusi wa kusukia, ule mnene wa Kariakoo usiokata nywele. Huku nimezunguka maduka sijauona. Yule mama msusi wangu ameniagiza mafungu mengi kadiri begi litakavyobeba, na hela natuma kwa simu leo leo.