Rochester, Kuangalia Matangazo

Treni kutoka New York hadi Rochester ni mwendo wa saa saba hivi. Ukiwahi kiti cha kushoto, mto Hudson unakuwa dirishani mpaka Albany. Baada ya hapo ni mashamba na miji midogo. Nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, na swali lake lilikuwa moja tangu tunapanda.

“Shangazi, yaani tunakwenda huko kote kuangalia matangazo ya magemu? Si ndiyo yale tunayoyaruka?”

Nikamwambia ndiyo hayohayo. Gemu huuzwa nakala maelfu kwa maelfu, haikosi moja kubaki kwenye droo ya mtu. Tangazo lake hurushwa wiki chache, na likishauza hakuna anayelitaka tena, hata kampuni iliyolilipia.

Tulikuwa tunakwenda The Strong, makumbusho ya michezo na magemu, yaliyofunguliwa mwaka 1982, yakianzia na wanasesere waliokusanywa na Margaret Woodbury Strong. Kijana alipoiona mashine ya gemu la Donkey Kong ya karibu mita 6 kwenda juu, inayochezeka kweli, nikajua sitakuwa naye tena mchana ule. Nikaenda maktaba ya makumbusho, yanakotunzwa matangazo, peke yangu. Huko huingii hivihivi, unaomba miadi mapema.

Karatasi niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni kipeperushi cha Computer Space, mchezo wa mwaka 1971 wa Nolan Bushnell na Ted Dabney, kabla hawajaanzisha kampuni ya magemu ya Atari. Mashine ya njano yenye maungo ya mviringo, na kando yake mwanamke aliyevaa gauni jepesi linaloonyesha mwili. Mtoto hayumo. Kililengwa kwa wenye baa na kumbi, watu wa kuhesabu sarafu. Baadaye matangazo ya Atari yakaweka baba, mama na watoto sebuleni. Ukifika ya Sega, kampuni nyingine ya magemu, ya miaka ya 1990, ni kelele na wavulana. Hayo huyapati ndani ya gemu. Ukitaka kujua nani alikaribishwa kucheza na nani hakutajwa, soma tangazo.

Karatasi hukaa. Mikanda ya video, yenye matangazo ya televisheni, ndiyo yenye taabu. Unga wa sumaku umeshikizwa kwenye plastiki kwa gundi, na gundi hiyo hunyonya unyevu mwaka hadi mwaka. Ukiutia mkanda kwenye deki, unga unabanduka na picha inakwenda nao. Mafundi huupasha joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa nyingi, kisha wanaunakili upesi kabla haujaharibika tena. Na deki zenyewe zinaisha: Funai wa Japani, waliokuwa wa mwisho kutengeneza za VHS, waliacha mwaka 2016.

Mengi yaliyookoka yaliokolewa na watu wasiokusudia. Mtu alirekodi katuni, akaacha mkanda uzunguke, tangazo likaingia katikati. Nilimfikiria mjomba wangu wa Muscat, aliyekuwa akituletea Tanga mikanda aliyorekodi kwenye televisheni za Ghuba. Matangazo yakianza tulikuwa tunapiga kelele yapelekwe mbele.

Mjomba ametangulia mbele ya haki. Nikiwa bado stesheni ya Rochester nikampigia mkaza mjomba. Maboksi yapo, chini ya ngazi. Nimemwomba ayahamishie mahali pakavu na asijaribu kucheza hata mkanda mmoja, mpaka nipate fundi mwenye deki nzima.