Chungu kinataka upepo, deli linauogopa

Oktoba ya Tabora haina huruma na muuza nyanya. Kibanda changu kipo Ipuli, umeme sijavuta, na tenga nililofungua Jumatatu, kufika Alhamisi nusu yake ilikuwa ya kumwaga. Ndipo nikakumbuka mtungi wa bibi uliokuwa ukikaa kona ya nyumba, maji yake yakikupiga meno saa nane ya jua kali.

Habari za Mohammed Bah Abba nilishazisikia, yule mwalimu wa Nigeria aliyeeneza chungu ndani ya chungu cha kupozea mboga bila umeme hadi akapewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Nikanunua vyungu viwili sokoni, kimoja kinaingia ndani ya mwenzake na kubakiza nafasi ya vidole vitatu. Katikati nikajaza mchanga, nikaumwagia maji mpaka ukakataa kunywa, juu nikafunika gunia lililolowa.

Siku tatu, hola. Ndani joto lile lile.

Bibi alipokuja kunisalimia alikipapasa kwa kiganja. "Mjukuu wangu, hiki umekipaka nini?" Nilikuwa nimekipaka rangi ya mafuta ya bluu, kiwavutie wateja. "Basi umekiziba pumzi. Chungu kisichotoa jasho hakipoi." Tena nilikuwa nimekificha nyuma ya magunia ya mkaa, upepo haufiki.

Alikuwa sahihi kabisa. Maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, na si dogo: lita moja ikikauka inachukua joto la kutosha kuyeyusha barafu kama kilo 7. Ila lazima maji yapenye udongo, yafike nje, yakute hewa kavu inayopita. Mimi nilikuwa nimefunga njia zote mbili.

Nikanunua chungu kingine cha nje, kisichopakwa kitu, nikakiweka juu ya kigoda kwenye uchochoro wenye kivuli na upepo. Maji asubuhi na jioni. Nikaazima kipimajoto kwa jirani anayetotolesha vifaranga: saa nane mchana kivulini 31, ndani ya chungu 22. Nyanya zilizoiva nusu zikakaa siku tisa, mchicha siku mbili ukiwa umesimama. Maziwa sikufanikiwa, nyuzi 22 kwa maziwa bado ni joto, jioni yalikuwa yameshachacha.

Kwa tamaa nikaongeza juisi ya ukwaju. Hiyo inataka barafu, na barafu nanunua kwa jirani mwenye friza. Nikatengeneza deli langu: boksi la mbao, ndani ndoo yenye mfuniko, katikati maranda makavu niliyopewa bure kwa fundi seremala. Nikajiona mjanja, nikalifunika gunia lililolowa kama nilivyofanya kwenye chungu. Saa sita mchana barafu ilikuwa imeshakuwa maji. Nilipofungua ubao wa pembeni nikakuta maranda yamelowa chapachapa, yanashikana mkononi kama ugali.

Hapo nilikaa chini nikacheka peke yangu. Maranda yanazuia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa katikati yake, imetulia, haina pa kwenda. Maji yakiingia yanachukua nafasi ya hiyo hewa, na maji hupitisha joto kuliko hewa. Nikayaanika siku mbili, nikayafunga kwenye nailoni, nikayarudisha bila kuyashindilia. Gunia nikaliondoa, mfuniko nikauwekea kipande cha godoro kuukuu. Tangu hapo barafu ya asubuhi naikuta jioni, imepungua lakini ipo, mradi vijana wasifungue kila dakika kuchungulia.

Novemba mvua zikaanza. Kipimajoto kikasema nje 26, ndani ya chungu 24, na mchanga ukakaa umelowa siku nne bila kuongezwa maji, maana hewa yenyewe ilikuwa imeshiba. Deli halikujali, likaendelea na kazi yake. Chungu nikamwaga mchanga, nikakikausha jikoni, na bibi amekiomba cha kuwekea karanga hadi mvua ziishe.